Mkata Simu wa Kombania

Wiki iliyopita niliaga jeshi, nikarudisha vifaa, nikatia sahihi karatasi mpaka mkono ukaniuma, na karani wa stoo akanipa pole badala ya hongera. Nadhani alichanganya. Sasa niko nyumbani Springfield, mezani jikoni, mke wangu Rehema yuko kazini, na ninawaandikia nyinyi vijana wanne wa huku Virginia na Maryland mlioingia kikosi cha mawasiliano, ambao wazazi wenu wamenisumbua kila Jumapili niwape mawaidha. Najua Kiswahili mnakielewa, ila mnajibu kwa Kiingereza. Someni tu. Mkikwama, muulizeni mama.

Vyeo na mishahara sitaandika. Hayo yako kwenye faili na hayamfundishi mtu kitu. Nitaandika kazi. Mtafundishwa miezi mingi kuunganisha simu, redio na dishi, halafu mtakapofika vitani mtagundua kuna kazi nyingine ambayo hakuna aliyewatajia, nayo ni kukata. Mimi nilikuwa mkata simu wa kombania yetu. Kati ya kazi zote nilizofanya kwa miaka yote, hiyo ndiyo bado inanitoa jasho.

Nilizaliwa Morogoro. Nilipofika huku niliegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja ya Alexandria, jua likinichoma mlangoni kiangazi, baridi ikinitafuna wakati wa theluji. Ofisi ya kuandikisha askari ilikuwa ng'ambo ya barabara na ilikuwa na kiyoyozi kizuri sana. Wengine watawaambia waliingia jeshini kwa sababu ya bendera. Rehema alilia siku tatu. Nikamwambia, mimi nitakuwa fundi wa simu, mke wangu, si mpiganaji. Fundi wa simu nani atampiga risasi? Ndivyo nilivyosema, na nilikuwa naamini kabisa, mjinga mimi.

Kambi yetu Afghanistan ilikuwa bondeni, milima imetuzunguka pande tatu, kwa hiyo mtu yeyote aliyetaka kutuona alituona. Nilifika asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo king'ora kikalia na makombora yakaanza kuanguka. La kwanza lilianguka nje ya ukuta, la pili karibu na jiko. Niliogopa mpaka Kiingereza kikanitoka chote. Nilikuwa chini ya meza napiga kelele, "Mama yangu wee! Mama yangu wee!" na hapo nikasikia sauti ya mwanamke, tulivu, kutoka kwenye handaki: "Tafadhali, ndugu, njoo huku upesi. Hapo si mahali salama."

Wallahi nilidhani nimeshakufa, na kwamba malaika huko wanaongea Kiswahili cha darasani.

Alikuwa Sajenti Denise, mkuu wangu wa kazi, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Washington. Kiswahili alijifunza chuoni miaka minne, na alikuwa anakiongea kwa kukipiga pasi, kila neno mahali pake. Mimi mzaliwa wa lugha nilikuwa nakosea mbele yake nikaona haya. Nilipojitupa mle handakini, alinivalisha kofia yangu ya chuma, akaifunga mkanda kidevuni kama unavyomfunga mtoto kofia ya baridi, akasema, "Kuogopa ni jambo la kawaida, Hamisi. Kusahau kofia si jambo la kawaida." Hilo ndilo somo lake la kwanza kwangu.

Alinifundisha mengine. Mguu wa dishi upake alama ya rangi, ili upepo ukilisogeza ujue lilipokuwa limeelekea bila kuanza kutafuta upya. Vumbi la kule ni jembamba kuliko unga; lisugue kwa brashi ya kupakia rangi, usipulize kwa mdomo, mate yako ni maji. Jenereta ikibadilisha mlio, nenda kaitazame sasa hivi, usingoje kumaliza chai. Koleo lako liandike jina, maana askari wanakopa na hawarudishi hata kama mnalala chumba kimoja.

Kazi yetu kubwa ilikuwa banda la simu. Lilikuwa la mbao, lina simu nane na kompyuta sita, na askari walikuja kwa zamu kuongea na nyumbani. Hapo ndipo nilipofundishwa kukata. Askari wetu akiuawa, au akiumia vibaya, amri inakuja kwa redio, na wewe hapohapo unachomoa kebo ya dishi na kutia kufuli mlangoni. Simu zote zinakufa, kompyuta zote zinakufa, mpaka maofisa wawili wafike mlangoni kwa familia yake kule Marekani na kuiambia uso kwa uso. Sababu yake ni nzuri. Hawataki mama asikie habari ya mwanawe kutoka kwa shemeji wa rafiki ya mtu.

"Usimpe mtu nafasi ya kuaga," Denise aliniambia. "Akiaga, sauti yake itatoa habari. Chomoa tu. Na usimtazame mtu yeyote machoni."

Mara ya kwanza nilikiuka hilo la macho. Kulikuwa na koplo anaongea na binti yake mdogo, meno ya mbele yameng'oka, anamwambia ayaweke kwenye kikombe. Nikachomoa. Alitazama mkono wa simu, akanitazama mimi, akaniuliza, "Nani?" Nikachukua kufuli. Wote wakatoka nje, wakasimama kwenye changarawe, wakaanza kuhesabiana. Fulani yuko wapi? Nimemwona jikoni. Na fulani? Yuko zamu. Wanataja majina mmojammoja, na kila jina likipata mtu wake, yanayobaki yanazidi kutisha. Sijawahi kusikia kitu kinachonitia hofu kama wanaume wazima wanavyohesabiana kwa sauti ya chini.

Na huku nyumbani walijua. Wake zetu walijifunza haraka kwamba kimya ni habari. Siku ile ya kwanza simu zilikaa zimekatwa mpaka kesho yake. Rehema alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hotelini, na alishinda na simu kifuani ndani ya nguo. Nilipompigia hakusema hata salamu. Alisema, "Hamisi, nimezeeka jana." Halafu akasema, "Wewe ndiye mwenye kukata. Unashindwaje kunitumia neno moja tu kabla hujakata?" Nikamwambia haiwezekani, ni amri. Nilipokata simu nikawa nalifikiria lile neno moja.

Sasa niwajulishe Espoir. Alikuwa askari wa kawaida wa kombania yetu, miaka ishirini na mmoja, Mkongo wa Bukavu aliyekulia Takoma Park. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kila akiogopa alikuwa hawezi kula, kwa hiyo kule vitani alizidi kuwa mwembamba. Mama yake, tunamwita Mama Espoir, alikuwa analea wazee majumbani mwao, zamu ya usiku mpaka asubuhi. Siku tunaondoka alikuja kutuaga, akanishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, ambacho "ndiye" ni "njo": "Hamisi, huyu njo mutoto yako sasa. Niko namupa weye. Umurudishe." Nikamjibu, "Usijali, Mama." Maneno hayo ni rahisi sana kusema ukiwa Maryland.

Espoir kila Jumamosi jioni ya kule, ambayo ni asubuhi ya huku, alikuwa anampigia mama yake akirudi kutoka kazini. Hakukosa hata mara moja ila simu zikiwa zimekatwa.

Mtu mwingine alikuwa Kiprono, Mkenya wa Nakuru, mlinzi wa geti la ndani aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi. Alikuwa na simu ndogo ya laini ya kule, ambayo hakutakiwa kuwa nayo. Tulikuwa tunapiga soga za nyumbani, tunabishana nani anapika ugali na nani anapika uji mzito.

Jumamosi moja, saa sita mchana, gari la pili la msafara wetu lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Tuliusikia mlipuko kutoka kambini. Redio ikaita, Denise akanitazama, nikakimbia bandani nikachomoa kebo. Wakati huu sikumtazama mtu. Baadaye tukajua ni Wesley, kijana wa miaka ishirini kutoka jimbo la mbali lenye mashamba ya mahindi. Alikufa palepale. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye banda langu, kompyuta namba nne, na nilimfukuza kwa sababu msafara ulikuwa unamngoja. Nilimwambia, "Toka, mzee, utaandika ukirudi."

Nilikaa nje ya banda. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya Wesley ambaye hakuwa tena na kitu cha kuogopa, na naogopa kwa ajili yangu, maana kesho yake nilitakiwa kupita barabara ileile kwenda kutengeneza mnara. Na katikati ya woga huo nikamfikiria Rehema na simu yake kifuani. Saa saba mchana nilikwenda getini kwa Kiprono.

"Bro, hii itanifutisha kazi," alisema.

"Neno moja tu."

Nikaandika: Mimi mzima. Simu zimekatwa. Usimwambie mtu. Nikatuma, nikamrudishia simu yake, nikarudi kazini. Nilijiona mume wa maana.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Huku ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri na Rehema alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Akasoma, akamshukuru Mungu, na papo hapo akauliza: Na Espoir? Sikujibu. Simu ilikuwa kwa Kiprono, ameizima na kuificha. Aliuliza tena, na tena. Kimya. Mke wangu alijua simu hukatwa mtu akifa, alijua mimi si mfu, na alijua kwamba ningekuwa na habari njema ya Espoir ningeitoa. Akaketi kitandani akalia. Halafu akampigia mtu mmoja, mmoja tu, mama wa kanisa la Mama Espoir, ili amwombee.

Nyinyi mnatujua. Mtu mmoja tu!

Na hapa ndipo ilipo desturi yetu, ambayo jeshi haliijui. Kwetu habari ya kifo haitolewi kwenye simu. Watu wanakwenda kwanza. Wanakwenda na viti, na sufuria, na chupa za chai, wanakaa, na mwenye msiba akiingia akiwaona anaelewa mwenyewe, na mikono ya kumdaka ipo tayari. Mama Espoir alirudi kutoka zamu yake saa mbili na nusu asubuhi. Kwenye ukumbi wa jengo, nje ya mlango wake, alikuta viatu vya watu. Ndani alikuta viti vya kanisa vya kukunja vimepangwa, Mchungaji amesimama, na wanawake kumi na zaidi wamekaa kimya. Hakuna aliyemwambia chochote. Alidondosha mfuko wa kazi na akaanguka.

Kule ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni Kiprono alipokuja mbio, amekiacha kibanda chake, kitu ambacho mlinzi hafanyi. "Soma hii. Soma saa hii!" Ulikuwa ujumbe wa Rehema: Tuko kwa Mama Espoir. Watu wamejaa. Ameanguka mara mbili, presha iko juu, hataki gari la wagonjwa. Mchungaji anauliza Espoir alikufaje.

Niliinua macho. Espoir alikuwa mbele yangu hatua tano, amekaa juu ya katoni za maji nje ya banda, anangoja nifungue ampigie mama yake. Aliniona ninavyomtazama, akauliza kwa Kiingereza kuna nini.

Nikaandika kwa vidole viwili, herufi zinaruka: Espoir yuko hai! Ninamwona! Amekaa mbele yangu! Tukangoja, mimi na Kiprono tunapumua kama tumekimbizwa. Jibu likaja: Nimemsomea. Haamini. Anasema tunamdanganya ili anywe maji.

Na alikuwa na haki. Ndivyo tunavyofanya. Mtu amekufa, tunasema anaumwa. Halafu tunasema amezidiwa. Tunamshusha mtu ngazi kwa ngazi. Mama Espoir aliona hii ndiyo ngazi ya kwanza. Ujumbe wa mwisho ukaingia: Anataka sauti yake. Hamisi, atatufia hapa. Nikajaribu kupiga, na laini ikafa mkononi. Minara ya simu ya eneo lile ilizimwa kila siku jua likizama, kwa sababu wapiganaji waliwatishia wenye minara. Hiyo nayo nilijua. Fundi wa simu, nilisahau jua linazama saa ngapi.

Kilichobaki ni kebo yangu, na ufunguo wa kufuli uko shingoni mwangu. Nawaambia ukweli, niliushika. Lakini mahali fulani kwenye mashamba ya mahindi kulikuwa na mama mwingine, na maofisa walikuwa hawajamfikia. Nikamshika Espoir mkono, sikumweleza, nikampeleka kwa Denise, na mbele yao wawili nikasema yote niliyofanya. Espoir alipoelewa alikaa chini kwenye vumbi, akawa anasema "Maman, Maman" tu. Denise hakunigombeza. Aliniambia, "Umekosa sana, Hamisi. Twende kwa Kapteni."

Kapteni alikuwa mtu wa haki lakini mgumu. Alisikiliza, akasema hapana. Maofisa walikuwa njiani, wamebakiza saa moja au mbili kufika kwa mama yake Wesley. Akifungua kwa mmoja, amefungua kwa wote. Espoir alisimama wima, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Nilimwambia Kapteni, "Mkuu, nipe adhabu yoyote. Mama huyu atakufa kwa kosa langu."

Denise ndiye aliyetafuta njia. Alisema kuna laini ya ofisi ya Kapteni mwenyewe. Espoir aongee kwa Kiswahili, dakika moja, yeye Denise asikilize kwa kifaa cha masikio, na Kapteni aweke kidole kwenye kitufe cha kukata. Neno lolote juu ya leo, anakata. Kapteni alitazama saa ya ukutani. Halafu akavuta simu akaisukuma mbele ya Espoir.

Tulipiga kwa Rehema, nami nikasogeza sikio karibu na simu. Nilisikia vilio vya wanawake kabla sijasikia sauti yake, kisha Mama Espoir mwenyewe, sauti imekwisha.

"Alo, Maman. Ni miye. Ni Espoir."

"Muache kunichezea. Muache. Mutoto yangu amekufa."

"Maman, niko muzima. Niko nasema na weye."

"Sauti, mutu anaweza kuiga." Akahema. "Kama ni weye, leo umekula nini?"

Espoir alitazama sakafu. "Sijakula, Maman. Nimeshindwa."

Kelele iliyotoka kwenye ile simu ilimfanya Kapteni arudi nyuma na kiti chake. "Njo yeye! Njo yeye! Ni mutoto yangu tu anashindwa kula akiogopa!" Wanawake wakapokea, vigelegele na kilio pamoja, nami nikauma mkono wangu nisilie mbele ya mkubwa. Halafu, katikati ya ile furaha, akatulia ghafla. Mama huyu amepita vita Bukavu, vita anavijua. Akauliza taratibu:

"Espoir. Kama uko naogopa hivyo, kuko mutu amekufa. Ni nani?"

Denise akatikisa kichwa. Espoir akafunga macho. Kapteni akabonyeza kitufe.

Adhabu yangu ilikuwa kuchoma uchafu wa mapipa ya vyoo kwa dizeli wiki nyingi, na naomba niishie hapo. Kiprono alirudishwa Nakuru kabla ya wiki kwisha. Kosa lilikuwa langu na kazi iliyopotea ilikuwa yake. Nilimwomba radhi, akaniambia, "Ni sawa tu, bro," lakini haikuwa sawa na haijawa sawa. Kwa hiyo nawaambia nyinyi: msifanye nilivyofanya. Mke wako akiomba neno moja, mwache azeeke siku hiyo. Huwezi kumtumia mtu mmoja neno moja. Hao watu wako hawaishi mmojammoja.

Tuliporudi, nilikwenda Takoma Park kumwomba Mama Espoir msamaha. Nilipiga magoti kwenye zulia lake. Aliniinua, akanipa sombe, yaani kisamvu, na samaki, akanilazimisha kula kwanza. Nilipomaliza akaniuliza kitu ambacho sikutarajia. "Mama yake ile mutoto mwingine, bale bakubwa walimufikia saa ngapi?"

Nikamwambia ilikuwa saa tano ya saa za huku. Akahesabu. "Miye nilikuwa nimeshakunywa chai. Nilikuwa nacheka. Na yeye alikuwa hajui." Kisha: "Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Maofisa wawili walisimama mlangoni."

"Hakuna mutu alikuja mbele na viti?"

"Hapana, Mama. Wao hawafanyi hivyo."

Alilia kuliko alivyolia siku ya mwanawe; Rehema, aliyekuwepo siku zote mbili, ndiye aliyeniambia baadaye. Kila nilipomwona baada ya hapo alikuwa ananiuliza habari za mama huyo. Wesley amezikwa huku, makaburi ya jeshi ya Arlington, na Espoir ndiye aliyejua kwamba mama wa marehemu anakuja kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Masika ya miaka kadhaa baadaye Mama Espoir akanipigia. "Unipeleke. Kuja na gari kubwa."

Alitoka na viti viwili vya kukunja na chupa ya chai. Mimi nilitaka kubaki garini. Nimekaa chini ya makombora, nimepita barabara za mabomu, na sijawahi kuogopa nilivyoogopa kutembea kwenye nyasi zile kumfuata mwanamke aliyebeba viti. Mama yake Wesley alikuwa mtu mzima mnene, koti la mvua la bluu, amesimama peke yake mbele ya jiwe. Mama Espoir hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo hakusema kitu. Alikunjua kiti kimoja akamwekea, akakunjua cha pili akakaa kando yake, akammiminia chai. Yule mama akaketi. Walikaa hivyo muda mrefu, mimi nimesimama nyuma yao kama mhudumu.

Hatimaye aligeuka akaniuliza nilikuwa nani kwa Wesley.

"Mtu wa simu," nilisema. "Wa banda la simu."

Alinitazama sana. Kisha akasema asubuhi ile, kabla maofisa hawajafika, alikuwa anamwandikia mwanawe. Mbwa wao alikuwa amezaa. Alimtumia picha za watoto wa mbwa, ujumbe saba, mmoja kwa kila mtoto wa mbwa. Aliwauliza watu wa jeshi kama zilifika na hakuna aliyejua. "Zilifika?"

Sikuwahi kumwambia mtu hili, hata Rehema. Jioni ile, amri ya kufungua ilipokuja, nilichomeka kebo, na kompyuta namba nne ikaanza kulia. Nilimfukuza Wesley kwa haraka na hakuifunga akaunti yake. Picha zikaingia mojamoja, watoto wa mbwa wenye macho yaliyofumba. Ujumbe wa mwisho ulisema, "Mbona kimya? Chagua mmoja nikuwekee." Kazi yangu ilikuwa kuifunga palepale. Nilikaa nikazisoma zote mpaka mwisho, nikalia, ndipo nikafunga.

"Zilifika," nilimwambia. "Zote saba."

"Alikuwa hai ilipofika ya kwanza?"

Kazi yangu yote ilikuwa kutomwambia mtu. "Hapana, mama," nilisema. "Nilizisoma mimi."

Mama Espoir aliuliza tunasema nini, na sikuweza kumtafsiria. Yule mama alinishika mkono, akaufinya, hakuuachia.

"Miaka hii nilikuwa nadhani hakuna mtu aliyezisoma," alisema.